Tangazo la Jérémie Bolamba

Zaina alikuwa anashona kola ya shati la shule, pini tatu amezibana midomoni, pale redio ya jirani ilipompa mtu mwingine jina la mumewe.

"Wasikilizaji wapenzi," ilisema sauti ya mwanamke kijana, "Jumamosi hii Redio Lindi inatimiza miaka makumi tatu. Na siku hiyo tutamupokea yeye mwenyewe, ile sauti mji wote ulipenda: Tonton Sefu! Bwana Sefu Bilali anatoka Ubelgiji, na studio yetu kubwa itabeba jina lake."

Zaina akatema pini kiganjani. Upande wa pili wa uwanja, jirani yake Karima alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio. Alifanya hivyo kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Zaina kuliko tangazo lenyewe.

Mohamadi, mumewe, alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kimezungushwa shingoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na minane. Kwa miaka kumi na tisa, kila adhuhuri, Kisangani nzima ilimsikia akisoma matangazo ya vifo na ya watu waliopotea, na kila siku alianza vilevile: "Hapa Tonton Sefu, munisikilize polepole." Mpaka koo lilipoharibika mwaka wa 2019. Kilichobaki sasa ni mnong'ono, na daktari alimwambia hata huo autumie kwa uchache, kama chumvi.

"Umesikia?" Zaina aliuliza.

Mohamadi akainamisha kichwa: ndiyo.

"Huyu ndiye yule wa kwanza?"

"Ndiye."

"Aliongea miaka mingapi?"

Akainua vidole viwili.

Zaina aliijua habari hiyo, ingawa mtaa haukuijua. Jina la Tonton Sefu, yaani Mjomba Sefu, lilikuwa limevaliwa na watu watatu, kama koti la ofisi. Sefu Bilali, mtoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu wa pale mjini, alianzisha kipindi mwaka 1995, akakimbia vita mwaka 1997. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, hakutaka watu wajue kwamba hata sauti ya redio imekimbia. Akamketisha kijana mmoja, Jérémie Bolamba, mbele ya kipaza sauti, akamwambia: kuanzia leo wewe ni Sefu. Jérémie aliuawa na bomu mwezi wa sita mwaka 2000, katika ile vita ya siku sita ambapo majeshi mawili ya kigeni yalipigana katikati ya mji. Ndipo akaketi Mohamadi, ambaye mpaka hapo alikuwa fundi wa mitambo. Wasikilizaji hawakuhesabu. Kwao Sefu alikuwa Sefu.

"Yeye miaka miwili, wewe kumi na kenda," Zaina alisema. "Na studio inakuwa yake."

Mohamadi alitazama mikono yake.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Muuza mafuta ya mawese, ambaye siku zote alimwongezea Zaina kikombe kimoja "cha Tonton", safari hii alipima mpaka mstari, akafunga chupa. Pale bombani mwanamke mmoja alimsalimia "Mama Sefu", kisha akajifanya anakohoa. Na siku ya Jumatano, Mohamadi alipokuwa anatoka msikitini, vijana wa pikipiki walimwita Sefu ya Guangzhou, kama wanavyoziita simu za bandia zinazouzwa sokoni. Alirudi nyumbani akavua viatu polepole, akavipanga sawasawa, kimoja kando ya kingine, kazi ambayo haikuhitaji muda wote ule.

Zaina akafunika mashini yake ya kushonea, akajifunga kitenge kizuri, akaenda redioni.

*

Redio Lindi ilikuwa katika nyumba ya zamani ya kampuni ya kahawa, na wiki ile ilikuwa inapakwa rangi. Mlinzi, kijana aliyeitwa Fiston, alimsikiliza huku akitafuna kipande cha muwa.

"Mama, unasema bwana yako iko Tonton Sefu?"

"Ndiyo."

"Sefu wa ngapi?" Fiston alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Bon, ukae pale kwa benchi."

Alikaa saa mbili. Mafundi wa rangi walimwomba asogee, akasogea. Wakamwomba tena. Mwisho akawa amekaa nusu juani, nusu kivulini, akiusikiliza mtambo wa umeme ukinguruma, mtambo ambao mumewe alikuwa akiutengeneza kwa waya na mpira wa baiskeli.

Cathy, mkuu wa vipindi, alikuja akiwa na simu mbili mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Zaina zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumgombeza. Alimpa kiti. Alimpa maji.

"Mama, unielewe. Tangu Jumanne nimepokea Sefu wane. Mumoja wa Lubunga alikuya na kaseti. Tuliiweka, tukasikia mahubiri ya pasta."

"Bwana yangu alisoma hapa miaka kumi na kenda."

"Iko contrat, karatasi ya kazi?"

"Walimupa mushahara mukononi."

"Picha?"

"Redio haina picha, mwanangu."

Cathy alitabasamu kidogo, bila dharau. "Bande zote, kaseti za zamani, ziliharibika na maji ya mvua. Mimi nilifika hapa mwaka jana. Nimeandika histoire na kile nilikuta, na nilikuta karatasi moja ya mwaka wa 1995, na jina la Sefu Bilali juu yake. Donc nilimutafuta, nikamupata." Akasukuma kitabu chembamba juu ya meza, bado kinanuka wino. Zaina alisoma mstari ulioonyeshwa kwa kidole: Sefu Bilali, sauti ya Redio Lindi tangu mwanzo. Miaka thelathini ilikuwa imekunjwa ndani ya mstari mmoja.

"Kitabu kimeshatoka, siwezi tena," Cathy alisema. "Lakini hotuba ninaandika mimi. Muniletee mutu mumoja tu, mumoja wa kweli, aliyekuwa ndani ya ile wakati. Nitaongeza jina la papa."

Wakati wa kuagana Cathy alimpa kofia ya njano ya sherehe, imeandikwa MIAKA 30. Zaina aliipokea kwa sababu kuikataa kungehitaji nguvu.

Njiani aliwahesabu watu wa wakati ule. Mkurugenzi alikuwa amekufa. Mhasibu alikuwa amekufa. Aliyebaki ni mjane wa Jérémie.

*

Lucie aliishi kwa wavuvi wa Wagenia, hatua chache kutoka kwenye maporomoko, mahali ambapo watu huzungumza kwa sauti kubwa tangu utotoni kwa sababu maji hayanyamazi. Alikuwa anakausha samaki juu ya moshi. Zaina alikuwa amemwona mara moja tu maishani, miaka mingi iliyopita, na hakumkumbuka akiwa mwembamba hivi.

"Yaya," Zaina alimwita kwa heshima, kama dada mkubwa, "mimi ni bibi ya Mohamadi. Yule wa redio."

Lucie aligeuza samaki wawili kabla ya kujibu. "Ya Sefu."

"Ndiyo."

Zaina akaeleza. Akasema habari za mgeni wa Ubelgiji, za kitabu, za vijana wa pikipiki. Akasema kinachotakiwa ni shahidi mmoja tu. Lucie alisikiliza huku akipepea moto kwa kifuniko cha sufuria.

"Unataka niende niseme bwana yangu alikuwa Sefu wa pili, ili bwana yako akuwe Sefu wa tatu."

"Ndiyo, Yaya. Na bwana yako pia atajulikana."

"Umwambie kwanza anirudishie tangazo langu."

"Tangazo gani?"

Hapo Lucie alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe hakukuambia."

Akaweka kifuniko chini.

"Jérémie alikufa siku ya ine ya vita, Alhamisi. Alitoka redioni kutafuta maji ya kunywa. Tulimuzika hapa nyuma bila sanduku, bomu zinapita juu ya kichwa. Vita ilipoisha, kaka yangu aliandika karatasi ya kifo, akaipeleka mwenyewe. Bwana yako aliipokea, kwa mukono wake. Mimi nikakaa na redio kwa magoti. Siku ya kwanza, hapana. Siku ya pili, hapana. Lakini sauti ilikuwa inasema: Hapa Tonton Sefu. Ndio nikaelewa. Sefu akiwa hai, Jérémie atakufa namna gani?"

Zaina akachuchumaa karibu na moto.

"Ndugu zake wako Yahuma," Lucie aliendelea. "Ile wakati barabara hakuna, barua hakuna. Ni redio tu ilikuwa inafika kule, siku hewa iko muzuri. Mama yake alikuwa anajua mutoto wake ndiye Sefu. Alikuwa anajivuna kijiji kizima. Nilituma mutu na pirogi, mutumbwi, aende kuwaambia amekufa. Walimucheka. 'Amekufa namna gani, na jana alitusalimia?' Wakasema nimemufukuza, niko na mwanaume mwingine, ninataka kumuzika mutu hai. Yule mama alikaa miaka sita akimungojea. Alikufa akimulaani mutoto wake kwa sababu haendi kumuona."

"Lakini baadaye walijua..."

"Baadaye mudogo wake Yannick alihamia hapa, Mangobo. Akaenda redioni, wakamwambia: Sefu wetu ni mumoja tu, hatujui Jérémie. Alors, akasema nilidanganya yote. Jérémie hakuwa Sefu, hata kifo ni uongo. Mutu amekufa, mbona redio haikusema? Hapa mjini, hata mulevi akikufa wanamutangaza." Lucie akachukua tena kifuniko. "Nikikutana naye sokoni anavuka barabara. Miaka yote hii."

Moto ulikuwa umefifia. Akaupepea mpaka ukashika.

"Urudi nyumbani, Mama Sefu," alisema, na hakusema kwa ukali. "Samaki wangu wanaungua."

*

Mohamadi alikuwa palepale mlangoni. Zaina hakuketi.

"Karatasi ya Jérémie. Uliipokea?"

Alimwona anafunga macho. Hakuhitaji jibu tena, lakini alilitaka, akasimama kulingoja. Lilikuja kwa mnong'ono, kipande kwa kipande.

"Niliipokea. Patron, mukurugenzi, aliona, akasema hii utaacha. Watu wengi wa Wagenia wanajua Jérémie ndiye Sefu. Ukisoma amekufa, watauliza nani anasoma. Mji umeogopa, alisema. Wasikie Sefu, walale."

"Na wewe?"

"Nikasema nitaisoma wiki ijayo."

"Na wiki ijayo?"

Mohamadi alikohoa muda mrefu. Zaina alimpa maji, akangoja.

"Wiki ijayo watu walinisalimia barabarani," alisema. "Mimi, fundi. Hakuna mutu alikuwa ananisalimia. Nikapenda."

"Ukapenda nini?"

"Jina."

Zaina alikaa kwenye stuli ya mashini. Alitaka kumfokea, na maneno yalikuwepo. Lakini alikumbuka kikombe cha mafuta cha ziada, kiti cha mbele kwenye harusi, wauguzi waliompitisha mbele ya foleni siku alipompeleka binti yao kujifungua, kwa kuwa alikuwa mke wa Tonton. Jina lile hakulila Mohamadi peke yake. Walilila wote wawili, na lilikuwa tamu.

"Mama yake alikufa akimulaani," alisema. "Ulijua?"

Hapana, Mohamadi hakujua. Alifunika uso kwa kitambaa cha shingoni, na mabega yake yakatikisika bila sauti, kwa kuwa sauti haikuwepo.

Jua lilipokuwa linashuka aliomba daftari ambalo Zaina huandikia vipimo vya wateja. Akachana ukurasa. Alikuwa ameshika maelfu ya matangazo ya vifo katika maisha yake, na mkono wake uliandika hili bila kusita: jina la marehemu, jina la baba, jina la mama, kijiji, tarehe, wanaoarifiwa popote walipo.

*

Alhamisi asubuhi walipanda baiskeli mbili za abiria, kila mmoja na yake. Fiston, mlinzi, alipomwona Mohamadi alifungua mlango bila utani. Labda ni ule uzee, au namna alivyoipita ngazi iliyovunjika bila kuitazama, kama mtu anayejua iko wapi.

Mbele ya dirisha la matangazo msichana wa zamu aliisoma karatasi mara mbili.

"Papa, amekufa mwaka gani?"

"Elfu mbili," Zaina alijibu.

"Elfu mbili na...?"

"Elfu mbili tu."

Msichana akaenda kumwita Cathy. Cathy alisoma akiwa amesimama, na alipofika mstari wa tatu midomo yake iliacha kusogea. Mstari ule ulisema: aliyejulikana redioni kwa jina la Tonton Sefu, mwaka 1997 hadi kifo chake.

"Ndiye huyu papa?" alimwuliza Zaina, akimwangalia Mohamadi.

"Ndiye. Lakini hatukuya kwa ajili ya jina. Tumeleta tangazo."

Cathy alivuta kiti akakaa. Alionekana amechoka, na alikuwa na rangi ya ukuta kwenye kiwiko. "Mama, kesho kutwa mugeni anafika. Gavana amealikwa. Nikisoma hii kesho, watu watasema sherehe ni ya uongo, na mimi nitafukuzwa kazi." Akaweka kalamu juu ya karatasi. "Mutoe huu mustari mumoja. Mengine yote nitasoma mwenyewe, asubuhi na saa sita. Neno kwa neno."

"Hapana," Zaina alisema. "Ni mustari wa kweli."

"Najua, mama. Ninamuamini papa."

"Kama unaamini..."

Mohamadi akamgusa mkono. Akachukua kalamu, akaukata mstari wa tatu kwa mstari mwingine ulionyooka, taratibu, mpaka mwisho.

"Aliyekufa ni Jérémie," alinong'ona. "Sefu hakufa."

Zaina alilipa ada ya tangazo. Alikuwa na hasira njia nzima ya kurudi, na hakujua amkasirikie nani: yule binti, mkurugenzi aliyelala kaburini, au mzee aliyekuwa mbele yake juu ya baiskeli, akitikisika kila penye shimo, ambaye ameikata nafasi yake ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Cathy alitimiza ahadi. Ijumaa tangazo lilisomwa mara mbili, neno kwa neno. Alilisoma haraka kidogo.

*

Jumamosi, wakati mji unaelekea kwenye sherehe, Zaina na Mohamadi walienda Wagenia na kilo tano za mchele. Hawakuwa na uhakika kama watafukuzwa. Walikuta mikeka imetandikwa. Watu walikuwa wamekuja, wanawake wa samaki, wavuvi, wazee waliomkumbuka Jérémie na vijana wasiomjua. Redio imesema, basi matanga yapo. Lucie alikuwa ameketi katikati amejifunga kitambaa cheusi cha kuazima, uso wake kama wa mtu aliyeamshwa usingizini na kuambiwa kazi haijaisha.

Aliutazama mchele, akamtazama Mohamadi. "Muweke pale," alisema. Hakusema waketi, lakini mkeka ulikuwa na nafasi, wakaketi pembeni.

Kwenye saa tisa alasiri aliingia mwanamume mrefu mwenye mvi, shati limelowa jasho. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Lucie, akasimama.

"Wamesema tarehe nane, mwezi wa sita."

"Ndiyo, Yannick."

"Elfu mbili."

"Ndiyo."

"Mama alimusikia mwaka wa elfu mbili na ine. Redio niliishika mimi. Betri nilinunua mimi. Tulikuwa tunamujibu salamu, pale nyumbani, sisi wote." Sauti yake ilianza kupanda. "Alors nani alikuwa anatuongelesha?"

Lucie angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha. Aliangalia chini kwenye mkeka, akauacha mkono wake ulipo.

Kando yake Zaina alisikia pumzi ya mumewe ikikwama na kuachia. Kwa miaka sita alikuwa akisema kwa niaba yake, bombani, sokoni, hospitalini. Na hata sasa ulimi wake ulikuwa tayari. Akauma meno.

Mohamadi alisimama, akijishikiza begani kwake. "Mimi."

Maji ya maporomoko yalilimeza neno. "Nani?" Yannick aligeuka akitafuta.

Mohamadi alifungua kitambaa shingoni kama mtu anayepunguza mzigo. Akasogea hatua tatu, akasema tena, na mishipa ya koo ilimtoka. "Mimi. Ninaitwa Mohamadi. Nilijua amekufa. Nilinyamaza."

Yannick alimwendea karibu sana, ngumi zimekunjwa, na wavuvi wawili wakainuka nusu. Alikuwa amekuja na hasira ya miaka ishirini na mitano. Lakini mbele yake alisimama mzee mwenye koo lililokwisha, suruali imefungwa kwa kamba, na hasira ikakosa mahali pa kumshikia.

"Hata sauti yenyewe haiko tena," alisema, kama anajiambia mwenyewe.

Akarudi alikotoka. Mbele ya shemeji yake akakaa chini palepale kwenye mchanga, nje ya mkeka, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaanza kulia. Mwanzo kidogo, kisha kwa nguvu, akimwita kaka yake kwa jina, akimwita mama yake. Watu walimtazama Lucie wakitarajia aitikie kilio, maana ndivyo inavyotakiwa kwa mjane.

Lucie aliweka mkono mgongoni mwa shemeji yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi nilimaliza zamani," alisema. "Lia wewe."

Mohamadi alibaki amesimama katikati ya uwanja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi wala aondoke, mpaka Zaina alipoinuka, akamshika mkono, akamrudisha kwenye mkeka.